Kunuka na Kunukia

Kwa muda wa miaka kumi na mitano nimewafundisha wanafunzi wangu tofauti ya vitenzi viwili ambavyo ni ndugu wa tumbo moja lakini havipikiki chungu kimoja: kunuka na kunukia. Kitu kikitoa harufu mbaya hunuka. Kikitoa harufu nzuri hunukia. Jaa hunuka, asumini hunukia. Irabu moja tu hutenga taka na uturi, na mgeni asiyeijua aweza kumtukana mwenyeji wake akidhani amsifu. Somo hili nililiamini kama mtu aaminivyo ardhi aliyoikanyaga, mpaka mwezi wa Februari, 2024, lilipotikiswa na mtoto wa miaka sita na godoro la sponji.

Godoro lilikuwa la dada yake. Msichana huyo alipokwenda shule ya bweni, mimi mwenyewe nililifunga kamba nikalisimamisha katika stoo iliyo nyuma ya nyumba yetu, Ipagala, mjini Dodoma. Mdogo wake alikuwa akilala nasi tangu azaliwe, kwa kuwa kifua chake ni dhaifu na mama yake alipenda kumsikia akipumua. Tulimwahidi kwamba siku atakapotimiza miaka sita atapewa kitanda chake mwenyewe. Alizihesabu siku hizo kwa mkaa ukutani, na ukuta ule haujapakwa chokaa hata leo.

Siku ikafika. Nikalitoa godoro, nikalipangusa vumbi, nikalitandika. Mtoto alijitupa kifudifudi, akavuta pumzi ndefu, akasema kwa furaha, "Baba, godoro langu linanukia mvua!"

Nilimsahihisha mara mbili kwa kauli moja. Kwanza, nilimwambia, godoro lililokaa stoo halinukii, lanuka. Pili, mvua ni maji, na maji hayana harufu. Harufu ile jina lake ni uvundo. Nikaendelea, kama ilivyo desturi ya watu wa kazi yangu wasipoulizwa, kumweleza kwamba Kiswahili kina hazina kubwa ya majina ya harufu: kina shombo na vumba la samaki, kina kutuzi la jasho, kina kikwapa. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha nikafanya jambo ambalo mtu wa pwani hulifanya bila kufikiri, maana mimi ni mzaliwa wa Pangani: nikatia udi katika chetezo, nikalifukiza godoro juu na chini, uvundo ukanyamaza.

Usiku wa tatu mtoto alibanwa. Aliyekwisha kuona pumu ya mtoto hahitaji kuelezwa, na ambaye hajaiona namwombea asiione. Mbavu zilikuwa zikiingia ndani kila avutapo pumzi, midomo imebadilika rangi, na macho yake yalinitazama mimi, si mama yake, kama kwamba mimi ndimi niliyekuwa na ufunguo wa hewa. Tulikaa hospitali mpaka alfajiri, pua na kinywa chake vimefunikwa kwa kikombe kipitishacho mvuke wa dawa. Daktari, kijana wa umri wa wanafunzi wangu, aliuliza analala wapi. Nilimpa habari ya kitanda kipya kwa fahari kidogo. Akauliza kama godoro nalo ni jipya. Nilipokwisha kueleza, akasema taratibu, pasipo kunilaumu, kwamba kuvu huamsha pumu, na moshi wa namna yoyote huamsha pumu vilevile. Basi nilikuwa nimemlaza mwanangu juu ya adui mmoja, nikamfunika kwa mwingine.

Kulipopambazuka niliingia stoo nikatazama juu. Bati lilikuwa limelegea msumarini, tundu lake halizidi punje ya mtama, na chini yake mchirizi mweusi ulishuka ukutani ukaishia pale pale palipokuwa pamesimama godoro. Mvua zote za Desemba na Januari zilikuwa zimetona mle. Mtoto alikuwa amesema kweli tupu: godoro lile lilikuwa na mvua ndani yake.

Hapo nikaona haya, nikaanza kusoma. Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliandika juu ya harufu itokayo katika ardhi kavu inaponyeshewa, wakaipa jina. Mwaka uliofuata, huko Marekani, Nancy Gerber na Hubert Lechevalier walikitenga kitu kimoja kilichomo katika harufu ya udongo, wakakiita jeosmini, yaani harufu ya ardhi kwa maneno ya Kiyunani. Hutengenezwa na vijidudu vya udongoni visivyoonekana kwa macho. Lakini baadhi ya kuvu nao hukitengeneza, nacho ni kimoja katika vitu vingi vifanyavyo uvundo wa nyumba yenye unyevu. Pua ya mwanadamu hukitambua hata kikiwa kidogo mno, chembe chache katika trilioni.

Fikiri basi, msomaji, habari ya uwanda huu wa kati. Mvua yetu ya mwaka ni kama milimita 570, na karibu yote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni jua na upepo. Hapa palipita njaa kuu iitwayo Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920, ambayo iliua watu wengi na kuwatawanya wengine. Mahali kama hapa, ardhi itoapo harufu kwa matone ya kwanza, nani atathubutu kusema yanuka? Yanukia. Kitu kile kile kikiingia chumbani, kikajificha katika godoro, chanuka. Kamusi zangu zilikuwa zimeniambia kwamba wema na ubaya wa harufu umo katika harufu.

Nilipomweleza jirani yangu, mama mzee wa Kigogo, msiba wa godoro, alicheka kwanza. Alikulia katika tembe, nyumba ya kuta za udongo na paa la udongo lililo bapa, akalala juu ya ngozi ya ng'ombe. "Paa letu lilivuja kuliko lako, mwalimu," aliniambia, "lakini ngozi huitoi nje ikakuficha kitu." Alisema kweli. Ngozi huanikwa upande na upande. Usufi na pamba za magodoro ya zamani hufumuliwa, huchambuliwa, huanikwa, hushindiliwa upya. Kwetu pwani makumbi ya nazi yalifanyiwa vivyo hivyo. Sponji haifumuliwi. Ni povu la poliurethani, kitu kilichobuniwa mwaka 1937 na mkemia Mjerumani, Otto Bayer, na wenzake. Vitundu vyake vimefunguana, maji huingia kwa dakika na kutoka kwa siku nyingi. Kuvu hupata humo chakula cha kutosha katika jasho, vumbi na chembe za ngozi zetu.

Tulijaribu kuliokoa. Tulilivua foronya tukaichemsha. Kuvu lililoonekana tulilipangusa nje ya nyumba, nimejifunga kitambaa puani, ili mbegu zake zisirudi ndani. Tuliligandamiza kwa kitambaa kilicholoweshwa siki na maji, kidogo kidogo, kwa maana kulilowesha tena godoro lililoharibiwa na maji ni kumpa mgonjwa ugonjwa wake. Tulilinyunyizia magadi usiku kucha, asubuhi tukayakung'uta. Nilitaka kulilaza juani kutwa. Mama mzee akanizuia. "Jua la masika ni mwongo. Lisimamishe kwa ubavu, upepo upite huku na huku." Baadaye nikajua kwamba kwa jambo hili sayansi ilikuwa upande wake: jua halifiki moyoni mwa sponji, na mwanga ukizidi huifanya iwe ya manjano ikavunjika kama mkate mkavu. Kutwa mara tatu tulilikimbiza ndani wingu lilipotanda, tukalirudisha nje.

Siku ya kumi sikusikia harufu yoyote. Nilifurahi, lakini sikuiamini tena pua yangu, maana pua huzoea. Nikachukua wembe nikalipasua pembeni. Ndani, mbali na mahali ambapo siki na upepo vingefika, palikuwa na madoa meusi kama ufuta uliomwagika.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 juu ya unyevu na kuvu nyumbani, likieleza uhusiano wake na pumu na maradhi mengine ya pumzi, na kwamba dawa kubwa ni kuzuia unyevu wenyewe. Kuvu la juu tu lapanguswa; lililokwisha kuingia ndani ya kitu chenye vitundu halina dawa ila kukitupa. Nikalitoa nje. Mlinzi wa nyumba ya jirani akanijia kwa heshima, akaniomba godoro lile kwa ajili ya watoto wake wanaolala juu ya mkeka. Nilimwambia ni bovu. Alilitazama: jeupe, nene, halina harufu. Nilimweleza habari ya kuvu, naye akaitikia, "Sawa, mzee," kwa sauti ya mtu aliyezoea kunyimwa. Ili asije mwingine kulichukua usiku, nililikatakata kwa panga mbele ya macho yake. Katika yote niliyoyafanya kwa ajili ya godoro lile, hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Mwisho wa mwezi nilinunua magodoro mawili, moja nikampelekea. Alilipokea, akashukuru, lakini sidhani kwamba alinisadiki.

Mvua ya kwanza ya msimu uliofuata ilitukuta barazani jioni. Matone yalipiga vumbi, na harufu ikainuka kutoka mtaa mzima. Mwanangu, ambaye sasa analala peke yake juu ya chaga zilizoachana ili hewa ipite chini, aliinua pua akasema, "Baba, nje kunanukia godoro langu la zamani."

Nikaenda kutafuta ngazi, nikapanda kulitazama bati la stoo kabla mvua haijakaza.