Mkebe wa Jirani

Kuna wanaodhani kwamba sikukuu ya Jamhuri ni ya wakubwa wanaoketi jukwaani na wanajeshi wanaopiga gwaride. Hata mimi nilidhani hivyo hadi tarehe 12 Desemba 2022.

Wakati huo tulikuwa tukikaa Nakuru, katika ploti yenye milango minane. Baba na jirani wa mlango wa pili walikuwa kama chanda na pete. Kila Jumapili jioni walicheza drafti kwa vifuniko vya soda, kelele zao zikisikika hadi barabarani. Kisha ukaja uchaguzi wa tarehe 9 Agosti. Huyu alikuwa wa mrengo huu, yule wa mrengo ule. Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wake tarehe 5 Septemba, baba alimtupia mwenzake neno ambalo siwezi kuliandika hapa, maana walimu wetu watasoma. Tangu siku hiyo ubao wa drafti ukawekwa juu ya kabati. Mimi nami nikajifanya mkubwa, nikawa nampita mzee yule mferejini bila hata kumwamkia.

Lililonichoma moyo lilikuwa mkebe. Mwaka wa 2020, korona ilipofunga shule na baba akaachishwa kazi, jirani huyo huyo ndiye aliyetuletea unga, gorogoro baada ya gorogoro, wala hakudai hata senti. Mkebe wake wa mwisho ulibaki jikoni kwetu. Mama hakuurudisha, kwani chombo cha watu hakirudishwi kitupu, na hatukuwa na cha kutia. Tulipopata, tukasahau. Kusema kweli, tulikula unga wa mtu kisha tukamnunia.

Basi, Jamhuri ilitukuta na babu, aliyekuwa amekuja kutoka kijijini kutibiwa macho. Redio ilikuwa ikitangaza sherehe za Nairobi. Babu akatuhadithia usiku ule wa 1963, bendera ya Mwingereza iliposhushwa na yetu ikapandishwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kijijini kwao mbuzi alichinjwa, na baba yake akala sahani moja na mtu aliyemchongea wakati wa hali ya hatari hadi akatiwa kizuizini. Babu hakusema kama walipatana. Alisema tu kwamba walikula.

Kisha akauliza, "Na yule mwenzako wa drafti, mbona simwoni?"

Baba akakohoa. Mama aliinuka kimya, akaushusha ule mkebe, akautia maharagwe pomoni, akanikabidhi.

Kutoka mlango wetu hadi wake ni hatua kumi tu, lakini siku hiyo nilitokwa na jasho.

"Shikamoo, mzee. Nimeleta mkebe wenu. Na asante kwa ule unga. Babu anaomba uje tunywe chai."

Akautazama mkebe kwa muda. "Babako anajua?"

"Yumo ndani, anasikia."

Alivaa koti, akaja. Baba alisimama, akampa mkono. "Karibu, bwana. Siku ile nilikosa."

"Leta ubao," jirani akasema.

Walicheza hadi giza likaingia. Baba alifungwa mara tatu. Taarifa ya habari ilipoanza, wakaanza tena kubishana kuhusu serikali, hata babu akaamuru redio izimwe. Kesho yake mkebe ulirudi kwetu, umejaa njugu.