Wilson: Uwanja ambako haraka huachwa langoni

UKIPANDA matatu ya kwenda Lang'ata pale Railways, katikati ya jiji la Nairobi, na iwe ni Jumapili ambapo barabara ina nafasi, huchukui muda kabla ya kufika penye ndege. Unapita Uwanja wa Michezo wa Nyayo, ambako korongo wakubwa wenye vipara hukaa juu ya miti kama wazee wa baraza. Unapita Nairobi West. Mara, mkono wa kushoto, majengo yanakwisha, ua wa waya unaanza, na nyuma yake kuna mabanda na ndege ndogo zilizopangwa kama magari sokoni.

Huo ndio Uwanja wa Ndege wa Wilson. Wengi wetu twaujua kwa kelele tu. Tumekaa na watoto kwenye nyasi za Uhuru Gardens, ndege ikapita chini chini, mtoto akapunga mkono, nasi tukaendelea kula viazi.

Mimi nilikwenda huko kwa sababu nyingine. Binti yangu, mwanafunzi wa sekondari, ameshikilia kwamba akimaliza shule atasomea urubani. Mama yake hataki hata kulisikia jambo hilo, wala simlaumu. Asubuhi ya tarehe 5 Machi, 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8, iliyokuwa imetoka Wilson kuelekea Diani ikiwa na watu 44, iligongana angani na ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172. Ile kubwa ilirudi ikatua salama. Ile ndogo ilianguka ndani ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Mwalimu na mwanafunzi wake wakafariki. Tangu siku hiyo, ndege ikipita juu ya nyumba yetu, mama huacha anachofanya na kuinua macho.

Jirani yetu mmoja ni rubani mstaafu. Mtaani twamwita Kapteni. Aliposikia mabishano yetu alisema, "Kabla hamjaamua, twendeni mkaione kazi yenyewe." Akatuombea ruhusa kwa rafiki yake mwenye banda la ndege. Mama alikataa kuja. Tukaenda watatu, tukapekuliwa langoni, tukaingia.

Jina la mwanamke

Binti yangu alifurahi kujua kwamba uwanja huu una jina la mwanamke. Florence Kerr Wilson alianzisha shirika la ndege la Wilson Airways hapa Nairobi mwaka wa 1929, wakati wengi walidhani ndege ni mchezo wa matajiri. Uwanja wenyewe uliitwa Nairobi West hadi 1962, ndipo ukapewa jina lake. Madaktari Warukao wa AMREF, huduma iliyoanza 1957, huondokea hapa kwenda kuwachukua wagonjwa. Watalii wa Maasai Mara huondokea hapa pia, na wanafunzi wa urubani wako papo hapo.

Wote hao hutumia njia mbili za kurukia, kila moja ikiwa na urefu wa karibu kilomita moja na nusu. Ile ya Jomo Kenyatta, kule Embakasi, inazidi kilomita 4. Kwa hivyo hapa Wilson hakuna nafasi ya kupoteza.

Kutambaa

Tulisimama kando ya banda tukiitazama Cessna moja ikiondoka kwenye maegesho. Binti yangu akacheka, maana ilikwenda polepole kama bibi anayetoka kanisani. Kapteni hakucheka.

"Huo ndio mwendo," akasema. "Ndege iliumbwa iruke. Ardhini ni mgeni."

Alitueleza kwamba ule usukani ulio mbele ya rubani hauigeuzi ndege ikiwa ardhini. Ndege hugeuzwa kwa miguu, kwa kukanyaga pedali. Mwanafunzi aliyezoea gari huzungusha usukani siku ya kwanza, na ndege huendelea kwenda inakotaka. Ndiyo sababu magurudumu yakianza tu kuzunguka, rubani hujaribu breki. Kisha hufuata mstari wa manjano, macho nje, akikumbuka kwamba ana mabawa yanayotokeza kulia na kushoto. Wala hajisogezi nyuma ya ndege kubwa inayovuma, kwa kuwa upepo wa injini zake waweza kuipindua ndege ndogo.

Karibu na njia ya kurukia, Cessna ile ilisimama. Kapteni akatuchorea vumbini kwa kidole kile kilichokuwa mbele yake: mistari minne ya manjano iliyokingama, miwili isiyokatika na miwili ya vipande vipande. Anayetoka kwenye maegesho hukutana kwanza na ile isiyokatika. Kwake huo ni ukuta. Havuki mpaka mnara wa kuongozea ndege umruhusu, naye ayarudie maneno ya mnara neno kwa neno.

"Ya nini kurudia?" binti yangu akauliza. "Si amesikia?"

"Mwanangu, kusikia si kuelewa," Kapteni akajibu. Akatusimulia ya Tenerife, katika visiwa vya Canary, tarehe 27 Machi, 1977. Ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia, katikati ya ukungu. Rubani wa moja, aliyekuwa amechelewa, alianza kukimbia kabla ya kupewa idhini ya kupaa. Maneno redioni yalikuwa yameeleweka vibaya. Watu 583 walikufa, na hata ndege moja haikuwa imegongwa mawinguni. Baada ya hapo ulimwengu uliweka sheria kwamba neno la kupaa halitamkwi redioni ila idhini yenyewe inapotolewa au kufutwa.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kapteni aliongeza kwamba katika kazi yake, rubani anayeona haya kusema "rudia tafadhali" ni hatari kuliko mvua ya Aprili.

Kupaa

Wageni wengi hawajui kwamba Nairobi iko juu sana. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na jua likiwaka huwa nyepesi zaidi. Alasiri ya joto la nyuzi 27, ndege hujiona kama iko kwenye uwanja wa zaidi ya futi 8,000. Injini hupungukiwa na nguvu, mabawa hukosa hewa ya kushika, na ndege huhitaji kukimbia mbali kabla ya kuinuka. Ndege inayopaa kwa wepesi Mombasa ikiwa imejaa watu na mizigo huenda ikahitaji kuacha mizigo kidogo hapa.

Kwa hiyo rubani hupiga hesabu akiwa bado chini: uzito, joto, upepo, urefu wa njia. Hupima injini kabla ya kuingia, na huzipitia swichi moja moja akisoma orodha, hata kama ameisoma mara elfu. Hapa hapa Nairobi, tarehe 20 Novemba, 1974, Boeing 747 ya Lufthansa ilipaa kutoka Embakasi ikielekea Johannesburg huku vibao vya mbele ya mabawa, vinavyoisaidia ndege kuinuka, vikiwa havijafunguka. Ilinyanyuka kidogo, ikashindwa kupanda, ikaanguka. Kati ya watu 157, 59 walifariki.

Kapteni pia alitufundisha kanuni ya marubani wa ndege ndogo. Ukifika nusu ya njia na bado hujapata asilimia 70 ya mwendo wa kupaa, acha. Punguza nguvu, shika breki, rudi ukaulize kuna nini. "Hakuna aliyezikwa kwa sababu ya kuchelewa," akasema.

Kutua

Saa nne hivi tuliona jambo ambalo sikulitarajia. Ndege moja ndogo ilikuja vizuri, ikashuka, ikakaribia kabisa kugusa lami. Ghafla ikanguruma, ikainua pua na kwenda zake juu. Mimi nilishika kifua. Kapteni akapiga makofi.

"Hajapenda alivyokuja," akaeleza. "Labda mwendo ulizidi, labda ni ndege wa porini." Nikawakumbuka wale korongo wa Nyayo. Mmoja wao akigonga kioo au injini si mchezo, na takataka tunazotupa ovyo jijini ndizo zinazowalisha.

Sababu nyingine ya kusubiri haionekani kwa macho. Ndege kubwa ikipita huacha nyuma yake vimbunga vinavyotoka kwenye ncha za mabawa. Mwenye Cessna huambiwa angoje dakika 2 au zaidi ili vitulie. Na akishatua hasimami njiani kujipongeza. Hutoka, huvuka ile mistari minne, ndipo husimama na kushughulikia swichi zake, maana nyuma yake kuna mwingine anayekuja.

Ile ndege ndogo ilizunguka, ikarudi, na safari hii ikagusa chini taratibu. Mwanafunzi aliyeshuka alikuwa kijana mdogo, shati limelowa jasho. Mwalimu wake alimpa mkono kwa sababu ya kule kukataa kutua.

Nilimuuliza Kapteni, pembeni, kuhusu 5 Machi. Alinyamaza kitambo. Alisema wanafunzi wake huwaambia kwamba mnara husaidia, redio husaidia, lakini macho ya kuangalia nje hayana likizo. Kisha akasema hawezi kumwahidi mzazi yeyote kwamba anga haina hatari. Anachoweza kuahidi ni kwamba mwanafunzi mzuri hufundishwa kuogopa mambo yanayofaa kuogopwa.

Tulirudi kwa matatu. Makanga alikuwa ananing'inia mlangoni, dereva akapanda ukingo wa barabara kuwapita wenzake. Binti yangu alinitazama bila kusema neno.

Nyumbani alimsimulia mama yake yote, kuanzia mistari ya manjano hadi yule kijana wa shati lililolowa. Mama aliendelea kuchambua sukuma wiki, kimya. Mwishowe akauliza swali moja tu.

"Na huyo mtoto, alipoona mambo hayaendi sawa, aliruhusiwa kurudi juu?"

"Mama, si kuruhusiwa. Ndivyo anavyofunzwa."

Mama akaitikia kwa kichwa. Hakusema ndiyo. Lakini Jumapili iliyofuata, Kapteni alipopita langoni kwetu, ni yeye aliyemkaribisha chai, akamwambia aketi, ana maswali.