Kafi la Tata

Tata yangu hakuwahi kuuza kafi lililokwisha kuchongwa. Mvuvi akija kwake pale ufukweni Kasenga, kwanza alimwambia avue viatu na kusimama wima. Kisha alisimika ubao mbele yake na kutia alama ya mkaa pale kidevu kilipofika. Halafu alimwambia akunje ngumi kuzunguka kijiti, ajue mpini uwe mnene kiasi gani. Wengine walinung'unika kwa kucheleweshwa, maana mto Luapula una saa zake na nyavu hazingoji. Lakini sikumbuki hata mmoja aliyerudi kusema mabega yanamuuma.

Nimekulia kando ya vumbi la mbao zile. Hata hivyo, nilipokabidhiwa vijana wa kufundisha mpira, yote niliyaacha nyumbani.

Kila alfajiri niliwapa mizunguko 12 ya uwanja, wote kwa mwendo mmoja. Nikaamini huo ndio usawa, na anayebaki nyuma ni mvivu. Aliyebaki nyuma kila siku alikuwa yuleyule: kijana mfupi, kifua kipana, mapaja mazito. Mwezi wa 10, joto la bonde linapokuwa kali kabla ya mvua, alianguka kwenye mzunguko wa tisa. Nilimmwagia maji kichwani, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba kesho ajikaze. Kesho yake hakuja. Alimtuma rafiki yake: "Mwambie Papa, miguu yangu imekatala."

Wiki mbili baadaye nilimkuta bandarini, akishusha mahindi kutoka kwenye mtumbwi uliovuka kutoka upande wa Zambia. Alichuchumaa, akaliegemeza gunia begani, akainuka nalo kwa pumzi moja. Akapanda mteremko wa mchanga unaozamisha miguu hadi kwenye vifundo, akalitua juu, akashuka mbio kufuata jingine. Nilisimama nikihesabu. Alipofika gunia la 11 nikaacha, kwa sababu koo lilikuwa limenikaba. Huyu ndiye niliyemwita mvivu.

Nilianza kusoma na kuwauliza waliosomea mambo haya. Nikajifunza kwamba katika mbio, kila mguu unapokanyaga hupokea kishindo cha mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kwa hiyo mwenye kilo 55 na mwenye kilo 80 hawakimbii mizunguko ileile, hata wakikimbia bega kwa bega. Tena mwili mpana una ngozi kidogo ukilinganisha na nyama inayozalisha joto ndani yake, na joto hilo hutoka polepole. Mwembamba hupoa upesi. Kijana wangu hakupungukiwa na moyo. Alikuwa anaungua, nami nikimwambia ajikaze.

Nilikutana pia na jina la Mmarekani William Sheldon, ambaye mwaka 1940 alichapisha kitabu kilichogawa maumbo ya watu kwa namna tatu: wembamba wenye mifupa mirefu, wenye misuli na mabega mapana, na wanene wa mviringo. Mgawanyo huo bado unatajwa na walimu wengi wa mazoezi. Lakini Sheldon alivuka mpaka, akadai kwamba umbo hufichua tabia ya mtu. Wataalamu wamelikataa dai hilo, na mimi nalikataa kwa uchungu, kwa kuwa ndilo kosa langu lenyewe: niliangalia mapaja ya mtoto nikasoma uvivu. Mwaka 1967 Barbara Heath na Lindsay Carter waliitengeneza upya njia hiyo ya kupima, wakaiachia mwili tu. Kwao kila mtu ana sehemu ya maumbo yote matatu, na vipimo vyake vinaweza kubadilika kwa umri, chakula na kazi.

Nilikwenda kwa mama yake yule kijana. Tulikula bukari na samaki, kisha nikamwomba mtoto msamaha mama akiwa anasikia. Aliporudi uwanjani nilimpa mbio za mita 20 zenye mapumziko ya kutosha, na mteremko uleule wa bandari akiwa na mfuko wa mchanga begani. Mbio ndefu alikimbia mara moja kwa wiki, taratibu, kabla jua halijatoka. Leo ni beki wa kati, na washambuliaji wanazunguka mbali ili wasimguse. Kwenye mizunguko bado anamaliza wa mwisho. Sina neno naye.

Sisi wa Haut-Katanga tuna mfano mkubwa kuliko huo. Bismack Biyombo alizaliwa Lubumbashi mwaka 1992. Kwa mchezaji wa katikati katika NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, mita mbili na sentimita chache si urefu wa kushangaza, ila mikono yake ikinyooshwa huuzidi urefu wake kwa zaidi ya sentimita 20. Mwaka 2011, kwenye mchezo wa vijana uitwao Nike Hoop Summit, alipata pointi 12, akadaka mipira 11 iliyorudi kutoka kwenye goli, na kuzuia mitupo 10. Hapo kabla hakuna aliyewahi kufikisha tarakimu mbili katika mambo matatu kwenye mchezo huo. Mwaka huohuo alichaguliwa wa saba kuingia NBA. Hakuwa mtupaji wa mbali. Amedumu miaka mingi kwa kuzuia, kuruka na kudaka. Nikimfikiria, nasikia hofu: je, angeangukia mikononi mwangu miaka ile, nikamkazania kile tu asichokiweza?

Baada ya kujua habari za maumbo nilikosea tena. Alikuja kijana mrefu, mwembamba kama upondo. Nilimtazama mara moja nikasema huyu ni wa mbio ndefu. Miezi mitatu alikimbia nilivyomwagiza, na muda wake haukupungua. Siku moja nikamwona akiruka kuchuma embe, na nikajua nguvu yake ilikuwa wapi. Baadaye nilisoma kwamba miaka ya 1990 Claude Bouchard wa Kanada na wenzake waliwapa mamia ya watu wasiozoea mazoezi programu moja ya baiskeli kwa wiki 20. Kwa wastani pumzi ya watu iliongezeka vizuri. Lakini wengine karibu hawakusogea hata kidogo, na wengine walipanda sana. Tofauti hizo zilifuata familia. Jicho haliwezi kuliona jambo kama hilo. Sasa nina daftari: mapigo ya moyo ya kila mtoto asubuhi, usingizi wake, panapomuuma, muda wake. Kafi la tata lilianza kwa alama ya mkaa, lakini mvuvi alilijaribu majini kabla ya kulipa, na tata alikaa na kisu tayari kulipunguza.

Juma lililopita niliwapanga watoto kwenye ukuta wa ghala kuukuu, lile la tangu zamani Wagiriki waliponunua samaki hapa wa kupeleka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mgongo ukutani, mikono wazi, nikatia mkaa kwenye ncha za vidole. Msichana mmoja wa miaka 13 mikono yake ilizidi urefu wake kwa shubiri nzima. Wenzake walipocheka aliificha nyuma.

"Papa, ni mubaya?"

Nilimwambia airudishe ukutani, nipime vizuri.