Nililala kwenye nyumba ya mdosi, halafu Kogo akapiga simu

Wasee, kwanza niungame. Mwezi uliopita nilipotea hapa siku nne, na wengine wenu mkaniandikia mkiuliza kama niko sawa. Nilikuwa sawa, ila nilikuwa nimechoka. Si ile kuchoka ya kulala ukaamka poa. Ni ile ya kushika simu kabla hata hujafungua macho yote mawili, na tayari unajiona umechelewa.

Beste yangu ndiye alikuja na wazo. Akaniambia kuna mahali Kericho wamekarabati nyumba ndogo za zamani, za mbao na mawe, ziko katikati ya bustani na msitu. Usiku mmoja elfu sita, tukigawana ni elfu tatu kila mtu. Hakuna runinga. Netiweki inakuja ikitaka. Nikamwambia twende hata kesho. (Hii si tangazo. Nililipa na pesa yangu, na ndiyo maana sitaji jina la mahali.)

Kama hujawahi kwenda huko, iko hivi. Unatoka Nairobi, unapita Nakuru, ukifika Mau Summit unaachana na wenzako wa Eldoret, unashika ya kushoto. Ukishapita Londiani, baridi inaanza kukuingia kwa mikono ya sweta. Halafu ghafla dunia nzima inakuwa kijani, tena kijani ya aina moja, imekatwa juu sawasawa kama nywele za kinyozi. Ni chai. Huko juu ni kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na karibu kila alasiri upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria unakutana na ile milima ya Mau, mvua inashuka. Mara nyingine ni mvua ya mawe. Majani ya chai yanapenda maji hayo, mawe hayapendi.

Tulifika Ijumaa jioni kukinyesha. Mzee anayetunza mahali alikuwa ametuwashia moto. Nyumba yetu ilikuwa na sebule moja, chumba kimoja, sakafu ya mbao inayolia ukikanyaga, na paa la mabati. Jameni, kama hujalala chini ya mabati mvua ikinyesha, na una blanketi tatu, na hakuna mtu anakudai kitu, bado hujalala. Nililala masaa kumi na moja. Beste alifikiri nimekufa.

Asubuhi ndiyo niliona bustani. Miti mirefu ya mtarakwa na podo, mianzi, maua ya buluu makubwa kama mpira, na mbega juu wanaruka na ile mikia yao myeupe. Mzee akatuambia nyumba hizi zilijengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya wadosi wa shamba. Baadaye zikakaa tupu miaka mingi, popo wakahamia, paa likaanza kuvuja. Waliozikarabati walibakisha milango ileile na madirisha yaleyale. Mlango wa mbele ni mzito, wa kijani, na kitasa cha shaba.

Basi mimi nikafanya kazi yangu. Nikachukua vidio: mlango, moto, kikombe cha chai kwenye veranda, ukungu. Nikaituma kwa grupu ya familia nikaandika, "Maisha ndiyo haya."

Baada ya nusu saa simu ikalia. Ilikuwa Kogo.

Kogo ni nyanya yangu, mama ya mama. Anaishi Mogogosiek, upande wa Bomet. Ana miaka sabini na kitu, na hayuko kwenye grupu yoyote, lakini binamu yangu alikuwa amemwonyesha. Kipsigis yangu ni ya kuomba maji tu, kwa hivyo sisi huongea ile Kiswahili alijifunza kambini.

"Chamgei," akasema.

"Chamgei mising, Kogo."

"Hiyo nyumba. Jikoni iko na mlango ingine ya nyuma?"

"Ndiyo."

"Iko na ngazi tatu?"

Nikatoka nje na simu kwa mkono. Nikahesabu. Tatu.

"Kogo, ulikuwa unafanya kazi hapa?"

"Hapo sijui. Shamba ni nyingi na nyumba zao zilikuwa zinafanana. Lakini moja kama hiyo, mimi nilikuwa naleta kuni na kufua nguo, nikimaliza kuchuma. Miaka saba. Nilikuwa naingia na hiyo ya ngazi tatu. Hiyo ya kijani ya mbele, hata sijui ukifungua unaona nini."

Halafu akauliza kama nimekula, akakata.

Wasee, nilikaa na hiyo simu. Nilikuwa najua Kogo alichuma chai. Kila mtu upande wa mama alichuma chai. Mama yangu alizaliwa kambini, kwenye zile nyumba za safu, chumba kimoja kwa familia. Lakini nilikuwa naijua kama stori. Sikuwahi kufikiri ina ngazi ambazo naweza kuhesabu.

Na hii si ya Kogo peke yake. Ardhi yenyewe ina stori yake. Kabla ya chai ilikuwa ya Wakipsigis na Watalai. Serikali ya mkoloni ikaichukua, ikawapa walowezi na kampuni, na miaka ya 1920 kampuni kama Brooke Bond zikaanza kupanda chai mashamba makubwa. Mwaka 1934 sheria ikatungwa maalum kuwahamisha Watalai, familia nzima nzima, mpaka Gwassi, huko chini karibu na ziwa, kwenye joto na mbung'o. Usifikiri ni mambo ya kale yaliyoisha. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza kuhusu malalamiko hayo, na 2022 walioathirika wakapeleka kesi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mashamba yamenunuliwa na kuuzwa tena na tena, majina kwenye mabango yanabadilika. Na Mei 2023 Kericho kulikuwa na maandamano, mashine za kuchuma chai zikachomwa, kwa sababu kazi iliyokuwa ya watu wengi sasa inafanywa na mashine na watu wachache. Binamu yangu ni mmoja wa wale waliambiwa hawahitajiki.

Sasa najua mtasema nini. Kuna wale watasema, "Basi usingeenda. Unalipaje pesa kulala kwa nyumba ya waliowatesa?" Na kuna wale watasema, "Manze wacha historia, mtu hawezi kupumzika siku mbili bila kuletewa mkoloni?" Nilibishana na pande zote mbili kichwani Jumamosi nzima. Hata mvua ya mabati haikunisaidia.

Mwishowe nikafanya kitu kimoja. Nikamtumia Kogo nauli.

Alifika Jumapili saa nne, na kibuyu cha mursik kwapani na kitambaa kipya kichwani. Nikaenda kumpokea langoni. Tukapita bustani polepole, anashika majani, ananiambia hii ni nini kwa Kipsigis, mimi narudia vibaya, anacheka. Tulipofika nyumbani, miguu yake ikakata kona yenyewe. Akaenda nyuma. Alikuwa tayari ameweka mguu kwenye ngazi ya kwanza nikamwambia, "Kogo, tupitie mbele."

Akasimama. Akaniangalia kama nimemwambia kitu cha aibu. Kisha akarudi, akapita mbele, akafungua mlango wa kijani mwenyewe. Akaingia. Akapitisha kidole juu ya fremu ya dirisha, akakiangalia. "Wanapangusa vizuri," akasema. Hiyo tu.

Mimi nilikuwa nimeandaa simu. Nilitaka vidio ya Kogo akilia, nisiwadanganye. Nilijua ingefika mbali. Yeye akaomba chai, akaonja, akasema imeoshwa, haina majani. Akakaa kwenye kiti cha veranda, akajifunika shuka yake, akaangalia bustani kidogo. Akalala. Masaa mawili kamili, mdomo wazi, mbega wakipiga kelele juu ya kichwa chake. Sijawahi kumwona Kogo amelala mchana. Kwake sijui kama kuna kiti ambacho amewahi kukalia mpaka kikapata joto.

Nikarudisha simu mfukoni. Kuna vitu si vya kuposti.

Alipoamka aliangalia mbele muda mrefu. Akasema, "Kumbe kutoka hapa huoni kambi."

Nikaangalia. Kweli. Kuna nyasi, maua, halafu ukuta wa miti, halafu mbali kabisa vilima vya chai. Nyumba za wachumaji ziko hapo chini nyuma ya miti, tulizipita tukija. Lakini kutoka kwenye kile kiti, hakuna mtu yeyote duniani.

"Sisi tulikuwa tunaona nyumba yao kila siku," akasema. "Mimi nilifikiri na wao wanatuona."

Hiyo sentensi ndiyo sababu ya posti hii. Ule utulivu niliokuwa nikiuposti, ule wa "maisha ndiyo haya", ulipandwa. Mtu alipanda miti mahali fulani, na matokeo yake ni kwamba aliyekaa hapa hakuhitaji kuona nani anafanya kazi. Bustani bado ni nzuri. Mimi bado nililala vizuri. Yote mawili ni kweli na siwezi kufuta moja.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Nendeni. Kupumzika si dhambi, na sisi tunaofanya kazi kwa simu tumesahau kabisa inafanywaje. Mkifika Kericho, nendeni pia Chagaik, ile bustani ya miti iliyoanzishwa na mkulima wa chai aliyeitwa Grumbley baada ya Vita vya Pili vya Dunia, iko kama kilomita nane mashariki ya mji, na bwawa lake ni la kukaa tu kimya. Lakini mkilala kwa nyumba kama hizi, ulizeni nani aliingia kwa mlango wa nyuma. Ongeeni na mzee anayewasha moto, kwa sababu karibu kila mara familia yake ilikuwa hapo. Na wenye hizi nyumba, mmeandika ukutani mwaka zilipojengwa na jina la mdosi aliyeishi humo. Wekeni na majina ya waliobeba kuni. Ukuta una nafasi.

Nilipomsindikiza Kogo stegi jioni, akaniuliza nimelipa ngapi. Nilitaka kudanganya nikashindwa. Nikamwambia elfu sita kwa usiku. Akanyamaza kabisa. Nikajua anahesabu kilo za majani.

"Elfu sita," akasema. "Basi rudi ulale. Usiache hata dakika."

Nikarudi nikalala. Tumekubaliana Desemba tunaenda tena, yeye, mama na mimi, na safari hii Kogo analala kitandani, karibu na moto. Na ninyi, kwenu ni nani aliyewahi kuingia kwa mlango wa nyuma? Mpigieni simu leo, halafu mje mniambie.