Uwanja wa videge ukingoni mwa ziwa, Swima

Akina mama wapenzi, juma hili hatuwaletei mapishi wala habari za akiba ya kikundi. Tunawapeleka Swima, pale ambapo barabara ya taifa namba 5, ile inayotoka Uvira kwenda Baraka, inapita karibu na ziwa, na abiria wa pikipiki ananusa ndagala kabla hajaona nyumba ya kwanza. Tulikwenda siku ya Jumamosi: walimu watatu, akina mama saba, na watoto ambao hatukuwahesabu, maana kila tulipopita uani pa mtu waliongezeka wengine.

Tulikwenda kufanya salongo ya uwanja wa kurushia videge. Mama mmoja njiani aliuliza kama serikali imeleta ndege Swima, tukacheka sana. Ni videge vya watoto: bawa la katoni, au la ule ubao mweupe mwepesi unaowekwa ndani ya katoni za televisheni, mwili wa kipande cha mwanzi, puani udongo wa mfinyanzi kidogo, na kamba iliyokatwa kutoka mpira wa ndani wa baisikeli, ya kukivutia na kukiachia kama manati. Udongo ule wa puani ndio siri yenyewe. Bila huo kidege kinainua kichwa, kinasimama hewani, kinaanguka kwa mkia. Ukizidi, kinachimba mchanga. Watoto wa darasa la nne wanajua jambo hilo kwa vidole kabla hatujawafundisha ubaoni.

Mahali penyewe ni ukanda kati ya barabara na maji. Mwaka 2021 ziwa lilipanda, likaingia katika nyumba za watu pwani yetu yote, Uvira, Baraka na vijiji vya katikati. Mwaka 2024 likapanda tena. Maji yalipopungua hapa yaliacha misingi ya nyumba, matofali yaliyolainika, nyavu zilizooza na viatu visivyo na wenzake. Watu waliogopa kupagusa. Mzee mmoja alituambia, "Wanangu, baba yangu naye alihamisha nyumba hapa hapa, miaka ya 1960, baada ya zile mvua kubwa." Nasi walimu tukakumbuka somo la jiografia: Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga kule Kalemie. Katika karne ya 19 mlango ule ulizibwa na mchanga na majani, ziwa likapanda, mpaka mnamo 1878 maji yakapasua kizuizi. Miaka iliyofuata ziwa likashuka kama mita 10. Ukingo wa ziwa hili unahama, ila unahama polepole kuliko kumbukumbu zetu.

Tulipoanza kuokota matofali, mama mmoja alikuja amejifunga kitenge kwa nguvu, mikono kiunoni. "Walimu, mnataka kuchezesha watoto juu ya chumba changu cha kulala?"

Tulinyamaza. Alituonyesha: hapa mlango, hapa sebule, hapa kitanda. Alikulia Nyarugusu, kambi ya Kigoma iliyopokea wakimbizi wetu tangu 1996, akarudi, akajenga vyumba viwili vya mabati, ziwa likavichukua. Yeye alitaka kujaza udongo na kujenga tena. Tulimweleza tunachokijua: ardhi iliyojazwa huendelea kuzama miaka mingi, na nyumba juu yake hupasuka. Ndiyo maana nchi nyingine sehemu zilizojazwa taka na udongo huachwa kuwa majani na michezo, na baadhi zimekuwa viwanja vya videge kama hivi. Kidege hakidhuriki ardhi ikishuka kidole kimoja. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, mwalimu. Basi mimi nijenge wapi?"

Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna. Tunaliandika hapa kwa sababu kati yenu wako waliolala kwa ndugu tangu mafuriko, nao wanauliza hilo hilo.

Yeye mwenyewe ndiye aliyetoa masharti. Msingi wake using'olewe hata tofali moja. Asubuhi uwanja ni wa kuanika ndagala, kwa kuwa akina mama wa samaki nao wanatafuta mahali safi pasipo na mawe. Mchana jua likipungua, ni wa watoto. Na ufunguo (ingawa hakuna mlango!) ukae kwake. Tulikubali yote.

Kazi ilituchukua Jumamosi tatu. Kwanza chupa na misumari, ndani ya beseni, na watoto wadogo wakae mbali. Mashimo tulijaza mawe chini, changarawe katikati, juu udongo wa kichuguu uliomwagiwa maji na kutwangwa. Tuliacha mteremko kidogo kuelekea ziwani ili mvua isilale. Upande wa maji tulipanga mifuko ya mchanga. Hatua 60 kwa urefu, 20 kwa upana. Tulisimamisha mti wenye kipande cha kitenge juu ili upepo uonekane. Mchana upepo wetu hutoka ziwani, usiku hushuka milimani, wavuvi wanajua. Na wakati wa kiangazi kuna ule wa kusini-mashariki unaochafua maji. Kidege hurushwa kukabili upepo. Kwa hiyo watoto hurusha wakitazama Burundi ng'ambo, wameipa barabara na pikipiki zake mgongo. Kikianguka majini hakuna mtoto anayeingia. Upepo ule ule utakirudisha, na usipokirudisha watatengeneza kingine.

Jambo la mwisho lilikuwa zito kuliko mawe. Kidege cha kwanza kilipopita juu, mvulana wa miaka kama tisa alijitupa mchangani, mikono kichwani. Wenzake walicheka kidogo, wakaacha. Mama yake alimwinua akatuambia tuache mambo haya. Katika miaka hii mtoto wake amesikia vya kutosha kutoka angani. Hatukumlaumu. Hata ndege za kwanza za ziwa hili zilikuwa za vita: mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege nne zenye boya ndani ya masanduku, wakaziunganisha karibu na M'Toa, kaskazini ya Kalemie, zikaruka kutoka majini kwenda kupiga Kigoma.

Tulimweleza pia kwamba mwaka 2018 ndege ndogo isiyo na rubani ilipeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 juu ya ziwa Victoria, kwa dakika 40 hivi. Alijibu kwamba Ukerewe si Fizi. Tukakubaliana hivi: hakuna kidege chenye mota wala sauti, shefu wa kijiji anaarifiwa kila mara, na siku yenye fununu mbaya hakuna anayekwenda uwanjani, hata kama kuna jua zuri.

Jumamosi ya tatu mvulana yule alikaa kando muda mrefu, kisha akaomba kushika mpira. Hatukumsaidia. Alivuta, akaachia, akafumba macho. Kidege kilikwenda hatua 14, upepo ukakigeuza, kikatua ndani ya ule msingi wa nyumba. Yule mama wa ndagala aliinama akakiokota, akatazama bawa kama limevunjika.

"Njoo uchukue," akamwambia. "Kimeingia sebuleni."