Ukipanda Rockies wakati wa theluji, kushuka ndiyo ngoma

WAHENGA walinena kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Msomaji mpenzi, ikiwa una jamaa katika jimbo la Colorado, Marekani, nawe unapanga kumtembelea kati ya Desemba na Machi, tia methali hiyo mkobani pamoja na pasipoti.

Watu wa Denver wanapenda kwenda milimani wikendi. Huenda mwenyeji wako akakuomba umpokee usukani, na siku hizi si ajabu gari lenyewe likawa la mseto wa kuchajiwa. Hili ni gari lenye injini ya petroli kama mengine, lakini pia lina betri kubwa inayojazwa stima nyumbani usiku. Hata Nairobi magari ya aina hii yameanza kuonekana, mengi yakiwa mitumba kutoka Japani.

Denver yenyewe haitakushtua. Iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Nairobi. Lakini ukifuata barabara kuu ya I-70 kuelekea magharibi, kwa safari isiyofika kilomita 100 utakuwa umepanda hadi mita 3,400. Hapo ni juu kidogo ya kambi ya Old Moses katika Mlima Kenya, ila hapa unapafikia ukiwa umeketi garini.

Kabla ya kung'oa nanga

Safari huanza usiku uliotangulia. Soketi ya ukutani ya Marekani ni ya volti 120, nusu ya zetu, kwa hivyo betri huchukua muda mrefu kujaa. Toyota RAV4 Prime, mathalani, yenye betri ya uniti 18 hivi (uniti zile zile unazonunua kwa tokeni), huhitaji saa 12 kwenye soketi ya kawaida.

Asubuhi, usichomoe waya upesi. Washa hita gari lingali kwenye soketi, ili joto la kwanza litoke kwa stima ya nyumba wala si kwa betri. Baridi ni adui wa betri: hupunguza nguvu zake, na hita nayo hula akiba iliyobaki. Gari lililoahidiwa kwenda kilomita 68 bila petroli katika hali ya kawaida huenda likapoteza theluthi ya mwendo huo au zaidi siku ya baridi kali. Baridi ikizidi sana, usishangae injini ikijiwasha yenyewe ingawa betri imejaa. Halijaharibika, linatafuta joto.

Jambo la pili ni matairi. Kila mwaka, kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, sheria ya Colorado hudai kwamba kila gari kwenye I-70 kati ya Morrison na Dotsero liwe limejiandaa kwa theluji. Liwe na matairi ya majira ya baridi, au minyororo ya kufunga matairi, au liwe la kuendeshwa na magurudumu yote manne na meno ya matairi yasipungue milimita 5 hivi.

Lakini usidanganyike na magurudumu manne. Yanakusaidia kuondoka, hayakusaidii kusimama. Kinachosimamisha gari juu ya barafu ni tairi na mwendo wa pole.

Njia ya wachimba dhahabu

Utapita Idaho Springs, mji uliozaliwa baada ya dhahabu kugunduliwa mtoni mwaka 1859. Mbele kidogo ni Georgetown, mji wa fedha, wenye nyumba za zamani zilizojibana kwenye bonde jembamba. Hapo reli iliyokamilishwa mwaka 1884 ilibidi ijizungushe na kupita juu yake yenyewe ili kuumudu mlima. Ukiwa na watoto, waonyeshe. Ni somo la jiografia ambalo ubao hauwezi kulieleza.

Kutoka Denver hadi hapa, iache injini ifanye kazi. Joto lake litapasha ndani ya gari bila gharama ya ziada, nawe utakuwa ukiweka stima yako akiba. Magari mengi ya aina hii yana kitufe cha kuihifadhi betri.

Sababu utaiona baada ya Georgetown, barabara inapoanza kupanda kwelikweli. Huko juu hewa ni nyepesi, kama theluthi mbili tu ya ile ya Mombasa. Injini ya petroli isiyo na taabo huhema kama mgeni aliyepanda ngazi za ghorofa kumi. Mota ya umeme haivuti pumzi, kwa hivyo haijali. Hapo ndipo stima uliyoihifadhi inapokuwa msaada, gari likipanda bila kulalamika huku malori yakijikokota upande wa kulia.

Kileleni kuna handaki la Eisenhower, lenye urefu wa kilomita 2.7. Shimo la kwanza lilifunguliwa mwaka 1973 na la pili, linaloitwa Johnson, mwaka 1979. Juu yako kuna mgongo wa bara: maji ya upande mmoja huelekea Atlantiki, ya upande wa pili Pasifiki.

Sasa ngoma yenyewe

Ukitoka handakini, barabara huteremka kwa kasi hadi Silverthorne, takriban mita 730 chini. Ni kama mteremko wa Mai Mahiu, ila huu una barafu. Pembeni utaona njia za changarawe zinazopanda kilimani. Hizo ni za malori ambayo breki zimekataa. Aliyewahi kusikia habari za Salgaa hahitaji kuelezwa zaidi.

Gari la mseto hapa hugeuka mwekezaji. Ukiondoa mguu kwenye mafuta, mota huwa jenereta: hupunguza mwendo na kurudisha stima betrini. Wanafunzi wa fizikia wapige hesabu. Gari la kilo 2,000 likishuka mita 730 huachilia nguvu ya karibu uniti 4. Si zote zinazorudi, kwani upepo na matairi huchukua fungu lao, lakini kinachorudi kitakuzungusha mjini.

Hata hivyo, mtungi uliojaa hauongezwi maji. Ukifika kileleni na betri tele, hakuna pa kuiweka stima hiyo. Ndiyo maana ni vyema uitumie wakati wa kupanda. Betri ikijaa, au ikiwa baridi mno, shuka kwa gia nzito na uiache injini izuie gari, usikanyage breki mfululizo.

Usipuuze tangi

Kosa linaloweza kukugharimu ni kudhani kwamba kwa kuwa una betri, petroli si muhimu. I-70 hufungwa mara kwa mara kwa sababu ya ajali, dhoruba au maporomoko ya theluji, na msururu wa magari hukaa palepale kwa saa nyingi. Betri pekee haitawapasha watoto joto usiku kucha. Usiruhusu tangi lishuke chini ya nusu. Beba blanketi, maji, chakula na koleo.

Zaidi ya yote, mkikwama, shuka mara kwa mara ukatazame bomba la moshi. Likizibwa na theluji, moshi wenye sumu huingia ndani, nao hauna harufu ya kukuonya. Injini ya gari la mseto hujiwasha kimyakimya yenyewe, hata kama unadhani imelala. Ukiona theluji imelifunika bomba, zima gari kabisa, ufukue kwanza.

Theluji ya Rockies ni nzuri kutazama, na watoto hawataisahau. Nenda uione, ila nenda pole. Mwenda pole hajikwai.