Tuko Kumi Tu

Mwamuzi alichuchumaa katikati ya uwanja, akavua glavu ya mkono wa kulia, akabonyeza ardhi kwa kidole gumba. Kikabaki kishimo, na kishimo kikajaa maji polepole. Akainuka, akayatazama mawingu yaliyokuwa yakipanda kutoka upande wa bahari, kisha akawatazama manahodha wawili waliojikunyata ndani ya masweta yao meupe. "Saa nane na nusu," akasema. Hakuna aliyebisha. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Mei, na mimi, mtoto wa Upanga niliyeiacha masika Dar es Salaam nikijua nimeikimbia mvua, nilikuwa nimesimama kando ya uwanja wa Broadhalfpenny Down, kusini mwa Uingereza, nimevaa makoti mawili na bado meno yanagongana.

Nilikuja kutazama tu. Hilo naomba lieleweke mapema.

Safari ilianza Jumamosi asubuhi, stesheni ya Waterloo, London. Treni inayoelekea Portsmouth inakushusha Petersfield baada ya saa moja na ushei, na kuanzia hapo unahitaji gari. Barabara inapita ubavuni mwa Butser Hill, kilima cha mita 270 hivi ambacho Mmeru au Mchaga angekiita tuta, lakini hapa ndicho kinachoshika mawingu. Huu ni ukanda wa South Downs: vilima vya chokaa vilivyolala kama migongo ya ng'ombe, nyasi fupi zilizolimwa na meno ya kondoo kwa karne nyingi, na mwezi wa Mei mashamba ya mbegu za mafuta yana manjano kali mno hata unahisi mtu kamwaga bizari bonde zima. Kando ya njia vichaka vya miiba vimechanua maua meupe. Juu, ndege mdogo ambaye huwezi kumwona anaimba huku akipanda angani, hachoki, hapumziki.

Kijiji chenyewe kinaitwa Hambledon. Neno kijiji lisikudanganye. Hakuna kuku barabarani wala mama anayeanika mihogo. Kuna nyumba za matofali mekundu zilizokaa karibu karibu, kanisa la zamani lenye mnara mfupi, na juu ya mteremko kuna shamba la mizabibu lililopandwa mwaka 1952, la kwanza la biashara Uingereza katika zama hizi. Nyumba hapa ni ghali, na kijana aliyezaliwa kijijini mara nyingi hupata pa kuishi mjini tu. Nalisema hili kwa sababu vilabu vya kriketi vya vijijini vinasumbuliwa na jambo hilohilo: uwanja upo, chai ipo, miguu ya vijana ndiyo adimu.

Jumamosi hiyo nilikwenda Ridge Meadow, uwanja wa klabu ya Hambledon ya leo, nje kidogo ya kijiji. Ni mwanzo wa msimu, ligi imefunguliwa tu. Nilikaa kwenye benchi lenye unyevu nikaona mambo ambayo televisheni haiyaonyeshi kamwe. Mrushaji anayekimbia hatua kumi na tano, anafika, anasimama, anashika kiuno: misuli imekaa bure tangu Septemba. Mpigaji anayezungusha gongo (wasomaji wa Tanzania, siyo lile la kunywa) pale mpira ulipopaswa kuwa, kumbe mpira umetua kwenye udongo mbichi ukachelewa, umekuja ukijikokota kama mtu aliyeamshwa alfajiri. Mwezi Julai ardhi ikikauka mpira huohuo utaruka hadi kidevuni. Sasa hivi hata mpigaji hodari anaonekana mwanafunzi. Mmoja wao alitoka bila mkimbio, yaani pointi, hata mmoja, na hapa kutoka hivyo kunaitwa bata, kwa kuwa sifuri inafanana na yai lake. Alirudi kwenye chumba cha wachezaji akiliburuta gongo lake. Mke wake alikuwa kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini. Hakuinua macho kutoka kwenye kitabu.

Jioni nilipata ujumbe wa simu kutoka kwa jamaa yangu wa kazini. Ni Mhindi wa Nairobi, mzaliwa wa Ngara, miaka ishirini sasa yuko London, na Kiswahili chake hakijahama. Timu yake ya kuzungukazunguka, isiyo na uwanja wake, ilikuwa imealikwa Broadhalfpenny kesho yake. "Kuja bana," aliandika. "Tuko kumi tu."

Nikamwambia sijashika gongo tangu shule ya msingi. Hata siku hizo kriketi yangu ilikuwa ya kuchungulia uzio wa klabu ya Gymkhana nikitoka shuleni, na ya mtaani, kwa mpira wa tenisi na kipande cha ubao, debe likiwa ndilo wiketi, vile vijiti anavyovilenga mrushaji. Akajibu: "Hiyo ni experience ya kutosha." Huyu ni mtu ambaye mpaka leo anakusimulia, ukimpa nafasi, mpira kwa mpira, jinsi Kenya ilivyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003. Hushindani naye.

Kwa hiyo Jumapili nikajikuta nimesimama mahali ambapo wapenzi wa mchezo huu huvua kofia. Broadhalfpenny Down ni uwanja ulio njia panda, juu ya kilima, upepo hauna wa kuuzuia. Ng'ambo ya barabara kuna baa moja iitwayo Bat and Ball. Pembeni kuna mnara wa graniti uliosimamishwa mwaka 1908. Basi. Ukipita kwa gari bila kujua utadhani ni malisho.

Lakini katika nusu ya pili ya karne ya 18, klabu ya Hambledon ilicheza hapa na ilikuwa kubwa kuliko zote nchini. Mwenye baa, Richard Nyren, ndiye alikuwa nahodha; mwanawe John ndiye aliyesimulia habari za klabu hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1833. Wachezaji walikuwa mafundi na wakulima, na matajiri wakaja kuweka dau. Juni 1777, mjini Sevenoaks, waliikabili timu iliyoitwa England yote. James Aylward aliingia kupiga Jumatano jioni, akatoka Ijumaa alasiri, na mikimbio 167. England nzima, watu kumi na mmoja, katika zamu yao ya kwanza walikuwa wamepata 166. Mtu mmoja aliwapita kwa mmoja. Hambledon wakashinda kwa zamu nzima na mikimbio 168 juu yake.

Mimi niliyempenda zaidi ni John Small. Alikuwa fundi viatu wa Petersfield, mji ule nilioshukia treni, akageuka fundi wa magongo na mipira, na tena alikuwa mpiga fidla. Lodi mmoja, Duke wa Dorset, alimtumia fidla nzuri kwa zawadi; Small akamrudishia magongo na mipira. Inasimuliwa kwamba siku moja akikatiza shamba kwenda kwenye muziki alishambuliwa na fahali mkali, naye akaanza kupiga ala yake, fahali akatulia kusikiliza. Sijui kama fahali wa Hampshire wana masikio ya namna hiyo, ila mwaka 1775 Small alisababisha jambo ambalo halina shaka. Wakati huo wiketi ilikuwa vijiti viwili tu. Mrushaji maarufu aliyeitwa Lumpy Stevens alimpitishia mpira katikati ya vijiti mara tatu, safi kabisa, wala hakikuanguka kitu, na Small akabaki uwanjani akaipa timu yake ushindi. Watu wakaona hii si haki. Kikaongezwa kijiti cha tatu. Kabla ya hapo, mwaka 1771, mpigaji mmoja wa timu pinzani alikuja na gongo pana kama wiketi yenyewe. Watu wa Hambledon wakaandika malalamiko, wakatia sahihi, na upana wa gongo ukawekewa kikomo cha inchi nne na robo, sentimita 10.8. Kikomo hicho ndicho cha leo, Mumbai, Lahore, Nairobi, kokote. Mwaka 1787 klabu ya kriketi ya MCC ilizaliwa London, mabwana wakahamishia fedha zao huko, na kilima kikarudishiwa kondoo wake kwa muda mrefu.

Ndiyo maana mwamuzi alipobonyeza nyasi kwa kidole, nilitazama kwa heshima. Suruali nyeupe niliyoazimwa ilikuwa ya mtu mnene. Niliifunga kwa tai.

Kazi ya kwanza ilikuwa kwenda kwa mama anayeandika kitabu cha mikimbio. Alikuwa na umri wa bibi yangu, amejifunga skafu hadi masikioni, mezani kwake penseli za rangi tatu zilizochongwa kama sindano. Kila mpira unaorushwa anauwekea alama: nukta kama hakuna kitu, tarakimu kama kuna mikimbio. Zama za Nyren watu walikuwa wakikata alama kwenye fimbo kwa kisu. Akaniuliza jina. Nikalitaja. Akaniomba nilitaje tena, herufi moja moja, upepo ukalichukua nusu.

Wenyeji wakaanza kupiga. Nahodha wetu akanipeleka mbali kabisa, kwenye ukingo wa uwanja, pale wanapofichwa watu wa aina yangu. Ni mahali pazuri, nisiseme uongo. Unaona mteremko wote, unaona mvua ikinyesha kwenye kijiji cha jirani huku wewe bado mkavu, unasikia mlio wa gongo kitambo kidogo baada ya kuliona likigusa mpira. Kwetu starehe ya namna hii ninaifahamu kwenye bao: wazee wawili wamekaa barazani, wengine sita wanatazama, hakuna mwenye haraka, na maneno ni mengi kuliko kete. Kriketi ya kijijini ni hivyo. Watu husema ni mchezo wa kuchosha, na kama unachotaka ni mabao, kweli utachoka. Mimi naona mchezo wenyewe ni kisingizio cha kukaa kilimani saa sita bila kuulizwa unafanya nini.

Nilikuwa kwenye mawazo hayo mpira ulipokuja.

Mpira wa kriketi ni kizibo na uzi ndani, ngozi nje, uzito wa gramu 160 hivi, na kwenye baridi ni jiwe. Huu ulipanda juu sana, ukawa doa jekundu kwenye wingu jeusi, ukasimama huko kama unafikiri. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikaenda mbele moja, nikakinga mikono kama nilivyofundishwa mtaani. Ukaingia. Ukauma kama mjeledi. Ukatoka. Nikasikia sauti tisa kutoka pande zote za uwanja, za upole kabisa: "Bahati mbaya!" Waingereza wanaliita hivyo hata kosa ambalo bahati haikuligusa. Sauti ya kumi ilitoka kwa jamaa wa Ngara. "Wewe! Ulikuwa unaota?" Mpigaji yule alikuwa na mikimbio tisa. Aliongeza arobaini na mbili.

Chai iliniokoa. Zamu ya kwanza ikiisha, watu wote huingia kwenye chumba kidogo cha mbao na kukaa mchanganyiko, waliotaka kuvunjana wiketi dakika chache zilizopita. Vilabu vingi siku hizi, tangu corona, vinawaambia wachezaji waje na chakula chao, na wapo wanaoililia desturi ya chai kama msiba. Hapa walikuwa bado wanaandaa: sandwichi za mayai zilizokatwa pembetatu, keki ya limau, chai ya maziwa isiyo na tangawizi wala iliki lakini ya moto, na moto ndio niliokuwa nautafuta. Mzee mmoja wa wenyeji alivishika viganja vyangu, akavigeuza, akaona wekundu. Akatoka, akarudi na kitambaa chenye barafu. Nilidhani ananitania.

Wenyeji walikuwa wamepata 143. Sisi tulikwenda tukijikongoja: wiketi inaanguka na mpigaji anatoka, mtu anatulia kidogo, wiketi inaanguka. Mimi ni wa mwisho, namba kumi na moja. Ilipoanguka ya nane nikavishwa kinga za miguuni, nikakaa nje nikiwa kama jogoo aliyefungwa, kofia ya chuma mapajani. Tulikuwa na 131. Jua lilichungulia chini ya mawingu, uwanja wote ukawa wa dhahabu iliyolowa, vivuli vya wachezaji vikafika karibu na mnara wa graniti. Kisha mvua iliyokuwa ikizunguka tangu asubuhi ikafika. Waamuzi walitazamana, wakang'oa vijiti, vitatu kila upande, wakaja mbio.

Sare. Hakuna aliyeshinda, na watu wakapeana mikono kana kwamba hilo ndilo lililopangwa. Waliovuka barabara kuelekea Bat and Ball walivuka kwa kukimbia.

Mimi nilipitia kwa mama wa kitabu. Alikuwa anapangusa matone kwenye ukurasa kwa mkono wa sweta. Akaniachia nitazame. Wote kumi na mmoja wako pale, safu kwa safu, nukta na tarakimu, rangi tatu. Chini kabisa kuna jina langu, limepungua herufi moja, na mbele yake kwa penseli ya bluu: hakupiga.